Muyaka bin Haji: Malenga Aliyejibiwa

Imekuwa desturi siku hizi kwa majumba ya makumbusho ya sanaa kuwaalika wasanii walio hai, wakaketi mbele ya watu, wakaeleza kazi zao na kujibu maswali. Wengi wetu tumezoea kuiona desturi hiyo kuwa ngeni, iliyotufikia kutoka ng'ambo. Aliyeisoma diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy ana sababu ya kusita. Mvita ilikuwa na msanii wa aina hiyo yapata miaka mia mbili iliyopita, na hadhira yake haikungoja kualikwa.

Muyaka anakadiriwa kuzaliwa Mombasa mwaka 1776, na alifariki mwaka 1840. Katika sehemu kubwa ya uhai wake kisiwa kilitawaliwa na Wamazrui, walioishika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaiteka mwaka 1698. Malenga huyu alikuwa karibu na watawala hao, hasa Liwali Abdallah bin Ahmed, aliyetawala kuanzia 1814 hadi 1823. Baadhi ya wanafunzi wenzangu hupenda kumsawiri Muyaka kama sauti ya umma isiyoegemea upande wowote. Sikubaliani nao. Muyaka alikuwa na upande, na upande huo aliutetea kwa ulimi wake wote.

Kinachomtenga na wengi waliomtangulia ni mambo aliyoyaona kuwa yanastahili shairi. Sehemu kubwa ya tungo kongwe zilizotufikia kwa maandishi ni tenzi za dini na mawaidha, kazi za wanazuoni. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, akalitia mapenzi, wivu, njaa, urafiki uliovunjika na siasa ya mji. Sidai kwamba yeye ndiye aliyelibuni umbo hilo. Ila mikononi mwake tarbia ilipata wepesi wa mazungumzo ya barazani, kwa Kimvita ambacho muuza samaki alikielewa sawa na kadhi.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Tungo nyingi za Muyaka zilisemwa kwa mtu fulani, juu ya jambo fulani, zikitarajia jibu. Mafumbo yake yalimtaka mwenziwe ayafumbue kwa shairi, si kwa maelezo ya mkato. Siasa nayo iliendeshwa vivyo hivyo. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na Walamu katika vita vya Shela. Vita hivyo vilikuwa na sehemu yake ya ushairi pia: upande wa Lamu alisimama Zahidi Mngumi, upande wa Mombasa akasimama Muyaka, na beti zikavuka bahari zikipokezana kejeli na vitisho. Fanani wa mji mmoja alikuwa hadhira ya mwenziwe, kisha zamu ikageuka. Shairi moja likitolewa humo na kusomwa peke yake ni nusu ya neno.

Muyaka alikiona kisiwa kikipita mikono mingi. Mwaka 1824 Kapteni Owen alipandisha bendera ya Uingereza, nayo ikateremshwa mwaka 1826 baada ya serikali yake kuukataa ulinzi huo. Seyyid Said alikuja na merikebu zake zaidi ya mara moja, hata mwaka 1837 Mombasa ikawa yake, na wakuu wengi wa Kimazrui wakakamatwa na kusafirishwa mbali. Malenga wao aliishi miaka mitatu zaidi chini ya utawala alioupinga.

Baada ya kifo chake tungo zilibaki vichwani mwa watu. Tunamshukuru kwa hizi tulizonazo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanazuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Sikujua alizikusanya na kumsaidia William Taylor, mmishonari Mwingereza aliyekuwa akijifunza Kimvita kwa bidii isiyo ya kawaida. Hakumpa maneno matupu: alimweleza pia misamiati na visa vilivyozaa beti. Kwa maoni yangu kazi hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ingawa jina la Sikujua hutajwa kwa mstari mmoja tu madarasani. Hati za Taylor ziliishia London, na mwaka 1940 William Hichens akaichapisha diwani huko Johannesburg. Uchambuzi mpana wa Mohamed H. Abdulaziz ulitoka mwaka 1979. Hivyo maneno ya mtu wa Mvita yalizunguka London na Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani yakiwa kitabu.

Fort Jesus yenyewe iligeuzwa gereza na wakoloni mwaka 1895, ikahifadhiwa kama mnara wa kihistoria mwaka 1958, na baadaye ikawa makumbusho. Nilipokuwa nikikusanya data za tasnifu yangu katika Mji wa Kale, nilimsomea mzee mmoja fumbo la Muyaka ambalo darasa letu zima lilikuwa limeshindwa kulifumbua. Nilidhani atanifasiria neno moja moja. Alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa, kisha akataka kwanza kujua fumbo hilo aliambiwa nani, na huyo aliyeambiwa alijibu nini. Nilifungua kitabu nikatafuta. Jibu halikuwamo.