Calder: Injinia aliyeacha mabati yacheze na upepo

Kile kidude kinachoning'inia juu ya kitanda cha mtoto mchanga, samaki na ndege wakizunguka polepole hadi mtoto apate usingizi, kina mwenyewe. Aliyefanya sanaa hiyo ijulikane dunia nzima ni Mmarekani Alexander Calder. Na huyu jamaa hakuanza kama msanii. Alisomea uinjinia.

Alizaliwa 1898 huko Pennsylvania, kwenye boma la wasanii watupu. Babu yake ndiye aliyetengeneza sanamu kubwa ya William Penn iliyosimama juu ya City Hall mjini Philadelphia. Baba alikuwa mchongaji, mama mchoraji. Ungedhani njia yake ilishapangwa. Wapi! Kijana akaenda Stevens Institute of Technology, New Jersey, kusomea uinjinia wa mitambo, akamaliza 1919.

Ukiwa na digrii kama hiyo, watu wanatarajia utulie. Calder hakutulia. Aliruka kutoka kazi moja hadi nyingine, na kufikia 1922 alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha boila cha meli. Injinia mzima, jasho na makaa! Asubuhi moja, karibu na pwani ya Guatemala, aliamka akiwa amelala juu kwenye sitaha. Upande mmoja jua lilikuwa likichomoza, upande wa pili mwezi ukizama. Vitu viwili vya mviringo, vimekaa angani bila kushikwa na mtu. Picha hiyo haikumtoka tena maishani.

Mwaka uliofuata akaingia shule ya sanaa New York, na 1926 akahamia Paris. Unakumbuka yale magari ya waya tuliyokuwa tukitengeneza mtaani? Calder alifanya hivyo akiwa mtu mzima. Kwa waya, vitambaa na vizibo aliunda sarakasi nzima: simba, farasi, wanasarakasi wa kuruka. Aliipakia kwenye masanduku, akifika mahali anakaa sakafuni na kuwachezesha kwa mikono yake, huku wasanii wakubwa wa Paris wakitazama kama watoto.

Mwaka wa 1930 alitembelea studio ya mchoraji Piet Mondrian. Ukutani kulikuwa na vipande vya mstatili vyenye rangi. Calder akapendekeza vifanywe visogee. Mondrian akakataa, hakuona haja. Basi Calder akarudi kwake akaanza kujaribu mwenyewe.

Vya kwanza viliendeshwa kwa mota na mikono ya kuzungusha. Mwaka wa 1931 msanii Marcel Duchamp akavipa jina mobili, neno ambalo kwa Kifaransa lina maana ya kitu kinachosogea na pia nia ya mtu kutenda jambo. Lakini mota ina shida moja: inarudia mchezo uleule kila siku. Calder akaanza kuachana nazo, akaning'iniza vipande vya bati kwenye waya na kumwachia upepo kazi.

Hapa ndipo uinjinia ulipomfaa. Umewahi kuona fundi wa gereji akishindwa na nati, halafu anachomeka paipu kwenye spana ili mkono uwe mrefu? Nati inalegea. Nguvu ni ileile, ila umbali umeongezeka. Ni ile fizikia ya kidato cha pili tuliyoisoma tukisinzia: nguvu ya kuzungusha ni uzito mara umbali.

Sasa chukua waya wa sentimita 40, tusahau uzito wake. Ncha moja weka bati la gramu 300, ya pili gramu 100. Ukiufunga uzi katikati, unainama. Funga sentimita 10 kutoka kwa lile zito, na 30 kutoka kwa lile jepesi: 300 mara 10, 100 mara 30, zote 3,000. Waya unatulia sawa. Huo wote sasa ni mzigo mmoja wa gramu 400. Utundike kwenye ncha ya waya mwingine, sentimita 10 kutoka kwenye uzi, na upande wa pili gramu 200 kwa sentimita 20. Unaendelea hivyo kwenda juu. Calder naye alianza na vipande vidogo vya mwisho, akapanda. Ukianzia juu, kila kipande unachoongeza chini kinaharibu ulichokwisha kusawazisha.

Kazi zikakua. Mwaka wa 1952 alishinda tuzo kuu ya uchongaji katika maonyesho ya Venice. Alifariki New York tarehe 11 Novemba 1976, akiwa na miaka 78, wiki chache tu baada ya maonyesho makubwa ya kazi zake kufunguliwa humo jijini. Mwaka uliofuata, mobili yake yenye upana wa mita 23 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 400 ilitundikwa National Gallery of Art, Washington. Inazungushwa na hewa ya ndani ya jengo tu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na kila nikienda nyumbani lazima mtu aulize karo ile ilienda wapi. Calder alimaliza, sitajilinganisha naye. Lakini naye angeulizwa swali hilohilo pale kwenye boila, na hangekuwa na jibu. Jibu lilikuja miaka tisa baadaye, likining'inia kwenye waya.

Kwa hivyo tafuta hanga kuukuu, koleo, uzi na mabaki ya bati. Anza na kipande kidogo kabisa, cha chini.