Karl Weule

Karl Weule (Alt Wallmoden, 29 Februari 1864 - Leipzig, 19 Aprili 1926) alikuwa mwanajiografia na mtaalamu wa ethnolojia kutoka nchini Ujerumani. Katika historia ya Tanzania anajulikana hasa kwa safari yake ya mwaka 1906 huko Masasi na Newala, ambako aliandika habari za Wayao, Wamakua na Wamakonde, zikiwemo unyago na pombe zao.

Maisha

Alizaliwa karibu na mji wa Goslar. Baada ya masomo ya chuo kikuu alifanya kazi kwenye makumbusho ya ethnolojia ya Berlin, na mwaka 1899 alihamia Leipzig. Mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa makumbusho ya huko, na mwaka 1920 profesa kamili wa ethnolojia.

Goslar na Leipzig zote mbili zinajulikana kwa gose, bia chachu ya ngano inayotiwa chumvi na giligilani. Ni ndugu wa bia nyeupe za Ubelgiji, na siku hizi hutengenezwa hata na viwanda vidogo vya Marekani. Kwa hiyo mtu wa Leipzig hakuwa mgeni kabisa wa kinywaji cha nafaka chenye ladha ya uchachu.

Safari ya kusini

Weule alikusudia kwenda upande wa Kondoa-Irangi, lakini machafuko ya huko yalimzuia, akapelekwa Lindi. Julai 1906 alifika Masasi, kisha akaenda Chingulungulu kwa Matola, chifu wa Wayao, halafu Newala na Mahuta. Alisaidiwa na Nils Knudsen, Mnorwei aliyekuwa akiishi Chingulungulu.

Vita vya Majimaji vilikuwa vimepita hapo karibuni tu. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto mwaka 1905, na katika sehemu nyingi za kusini jeshi la Wajerumani liliteketeza mashamba na maghala. Weule alisafiri na askari. Watu waliomjibu maswali, au kumuuzia vinyago na vyombo vyao, hawakuwa na nafasi kubwa ya kumkatalia, na maandishi yake yanapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo. Mara nyingi anawadharau wenyeji, hata pale anaposifu ustadi wao.

Pombe na unyago

Alifika baada ya mavuno, na huo ndio msimu wa pombe na wa sherehe za jando na unyago. Pombe ya kienyeji ilipikwa na wanawake: mtama hulowekwa na kuoteshwa mpaka uwe kimea, hukaushwa, hutwangwa, hupikwa na kuachwa uchachuke kwa siku chache. Haikai muda mrefu, ndiyo sababu hunywewa na watu wengi kwa pamoja hadi mtungi uishe. Uraka wa mabibo, unaojulikana sana Masasi na Newala leo, ulienea baadaye pamoja na kilimo cha korosho.

Kule Newala mtungi wa pombe ulikuwa na gharama nyingine. Uwanda wa Makonde hauna mito wala chemchemi juu yake, na wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Hali hiyo, ambayo Weule aliieleza, iliendelea mpaka maji ya bomba yalipoanza kufika katika miaka ya 1950.

Maandishi na kumbukumbu

Mwaka 1908 alitoa taarifa ya kitaalamu pamoja na kitabu cha safari, Negerleben in Ostafrika, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Vitu alivyokusanya viliingia kwenye makumbusho ya Leipzig. Alipiga picha nyingi, akapiga filamu za ngoma, na kwa fonografu alirekodi nyimbo, zikiwemo za Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi. Nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi zilichunguzwa na Erich von Hornbostel, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1909.