Ludwig II: Mfalme aliyeponzwa na makasri yake

NI nadra kwa mtalii anayezuru jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kurejea kwao bila kukanyaga angalau kasri moja lililojengwa na Mfalme Ludwig wa Pili. Kila mwaka umati hupita katika vyumba ambavyo mwenyewe alikusudia viwe maficho yake. Makasri hayo hayo ndiyo yaliyotumiwa kama ushahidi kuwa alikuwa mwendawazimu asiyefaa kutawala.

Ludwig alizaliwa Agosti 25, 1845 katika kasri la Nymphenburg, ambalo enzi hizo lilikuwa nje ya Munich. Leo jiji limelizingira, na bustani zake zenye mifereji na miti mikubwa ni mahali pa wakazi kupunga upepo.

Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Hohenschwangau, kasri la manjano lililo karibu na mji wa Füssen, chini ya milima ya Alps. Kuta za kasri hilo zilipambwa kwa michoro ya visa vya mashujaa wa kale. Mmoja wao alikuwa Lohengrin, shujaa anayesafiri katika mashua inayovutwa na batamaji. Michoro hiyo ilimwathiri mtoto huyo maishani mwake mwote.

Babake, Mfalme Maximilian wa Pili, alifariki Machi 10, 1864. Ludwig alirithi kiti cha enzi akiwa na umri wa miaka 18, bila tajriba yoyote ya uongozi. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyofanya ni kuamuru atafutwe mtunzi wa muziki Richard Wagner, aliyekuwa akikimbia wadai wake. Mfalme alimlipia madeni na kumpa makao Munich. Hata hivyo, mawaziri na wananchi walichukizwa na gharama pamoja na ushawishi wa mtunzi huyo, na Desemba 1865 Ludwig akalazimika kumwondoa jijini.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka wa 1866. Bavaria iliunga mkono Austria katika vita dhidi ya Prussia, ikashindwa. Ilitozwa fidia, na jeshi lake likawekwa chini ya amri ya Prussia wakati wa vita. Tangu hapo, Ludwig alibaki na taji huku mamlaka yenyewe yakimponyoka.

Mnamo 1867 alivunja uchumba wake na Sophie, dadake Malkia Elisabeth wa Austria. Mwaka huo huo alizuru ngome ya Wartburg mjini Eisenach, kisha kasri la Pierrefonds nchini Ufaransa, ambayo yote yalikuwa yamekarabatiwa kwa mtindo wa kale. Alirejea akiwa ameazimia kujenga lake.

Jiwe la msingi la kasri ambalo sasa huitwa Neuschwanstein liliwekwa Septemba 5, 1869 juu ya mwamba unaotazamana na Hohenschwangau. Michoro ya awali ilitayarishwa na Christian Jank, mchoraji wa mandhari ya jukwaa la maonyesho. Ingawa jengo hilo lina sura ya karne za kale, lilijengwa kwa winchi za mvuke na kuwekewa maji ya bomba, simu na hewa moto ya kupasha vyumba joto. Kadhalika, mafundi walikuwa na chama kilichofadhiliwa na mfalme, kilichowalipa waliougua au kujeruhiwa kazini.

Linderhof, kasri dogo lililo bondeni, ndilo pekee alilolikamilisha, mwaka wa 1878. Kwenye bustani yake kuna pango la kutengenezwa na binadamu, lenye ziwa na mashua, lililomulikwa kwa taa za umeme za rangi wakati ambapo umeme ulikuwa jambo geni. Katika chumba cha kulia, meza ilishushwa jikoni, ikaandaliwa na kupandishwa tena, ili mfalme ale bila kuonana na watumishi. Kufikia wakati huo alikuwa akilala mchana na kukesha usiku.

Mwaka huo huo wa 1878 alianza ujenzi wa Herrenchiemsee, katika kisiwa cha Ziwa Chiemsee, kwa heshima ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Aliiga jumba la Versailles, pamoja na Ukumbi wake wa Vioo. Katika ukumbi huo wa Versailles ndimo mfalme wa Prussia alimotangazwa Kaizari wa Ujerumani mnamo Januari 18, 1871, sherehe ambayo Ludwig hakuhudhuria. Katika kasri lake la kisiwani aliishi siku chache tu mnamo 1885.

Ludwig hakujenga kwa fedha za hazina ya serikali bali kwa mapato yake ya kifalme na mikopo. Lakini kufikia 1885 madeni yake yalikuwa mark milioni 14, nao wadai walitishia kutwaa mali yake. Badala ya kupunguza matumizi, aliagiza mikopo zaidi itafutwe.

Mawaziri wake waliamua kumng'oa. Juni 8, 1886, madaktari wanne wakiongozwa na Bernhard von Gudden walitia saini ripoti kwamba mfalme alikuwa na maradhi ya akili yasiyotibika. Hawakumpima, walitegemea zaidi maelezo ya watumishi. Siku mbili baadaye ami yake, Luitpold, alitwaa madaraka.

Ludwig alikamatwa Neuschwanstein na kupelekwa kasri la Berg, kando ya Ziwa Starnberg. Jioni ya Juni 13, 1886, alitoka kutembea na Gudden. Usiku huo wote wawili walipatikana majini wakiwa wamekufa. Mfalme alikuwa na umri wa miaka 40. Kiini cha vifo hivyo hubishaniwa hadi leo, sawa na ripoti ile ya madaktari.

Agosti 1, 1886, majuma saba tu baada ya kifo hicho, Neuschwanstein lilifunguliwa kwa umma kwa kiingilio, na kufikia 1899 madeni ya marehemu yalikuwa yamelipwa. Julai 2025, shirika la UNESCO liliorodhesha Neuschwanstein, Linderhof, Herrenchiemsee na nyumba yake ya mlimani ya Schachen kuwa turathi za dunia.

Ukumbi wa enzi wa Neuschwanstein ungali bila kiti cha enzi, kwa kuwa mwenyewe alifariki kabla hakijatengenezwa. Huko Berg, msalaba umesimamishwa ndani ya maji pale mwili wake ulipopatikana, na kila Juni wakazi wa Bavaria hukusanyika ufukoni kumwombea.