Lord Leverhulme: Muuza sabuni aliyepewa mapori ya Lokutu bila wenyeji kuulizwa

Ukishuka mto Congo kutoka Kisangani hadi Lokutu, katika teritware ya Basoko, jimboni Tshopo, unakuta mashamba makubwa ya mawese. Zamani pahali hapo paliitwa Elisabetha, jina la malkia wa Ubelgiji. Lakini mwenye kuanzisha kazi hiyo alikuwa Mwingereza, William Hesketh Lever, aliyejulikana baadaye kama Lord Leverhulme. Amekwisha kufa karne moja sasa, na swali la nani mwenye ardhi hiyo bado linagombanisha watu.

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 katika mji wa Bolton, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, na kijana alianza kazi humo akikata sabuni na kufunga sukari. Mwaka 1884 alitoa sabuni yake mwenyewe, Sunlight, iliyopata soko haraka. Mwaka 1888 alianza kujenga Port Sunlight, mji wa wafanyakazi wake karibu na Liverpool, wenye nyumba nzuri, shule na bustani. Watu wengi walimsifu. Lakini mji huo ulikuwa wake, na ni yeye aliyepanga jinsi watu wanavyopaswa kuishi ndani yake.

Sabuni inahitaji mafuta mengi. Lever aliomba ardhi kubwa ya mawese katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, lakini wakubwa wa huko walikataa, kwa kuwa ardhi ilihesabiwa kuwa ya wenyeji. Ndipo akageukia Ubelgiji, iliyokuwa imechukua Congo mikononi mwa mfalme Leopold II mwaka 1908.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 14 Aprili 1911. Kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuchagua hadi hektari 750.000 ndani ya miviringo mitano, kila mmoja ukiwa na kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Elisabetha ilikuwa mmojawapo. Kwa upande wake, kampuni iliahidi kujenga viwanda, shule na lopitali, na kulipa mshahara usiopungua kiasi kilichopangwa. Waliotia sahihi walikuwa Wazungu peke yao. Wakaaji wa vijiji vilivyokuwa ndani ya miviringo hiyo hawakuulizwa.

Njia ilikuwa imefunguliwa tangu 1885, wakati Leopold II alipotangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa na mtu ni mali ya serikali. Bula Matari alihesabu nyumba na mashamba yanayolimwa tu. Pori la kuwinda, la kuchuma dawa na la kupumzisha udongo liliitwa tupu. Lakini miti ya mawese yenyewe ilikuwa ushahidi. Mti huo unapenda jua na hausitawi chini ya msitu mzito. Unaota kwa wingi pale watu walipofyeka, walipolima, au palipokuwa kijiji cha zamani. Kwa hiyo ngazi nyingi alizotafuta Lever zilikuwa alama ya mababu wa wenyeji.

Lever alitembelea Congo mwaka 1912 hadi 1913, na tena mwaka 1924 hadi 1925. Aliamini kwamba anawaletea watu maendeleo, na ni kweli kwamba shule na lopitali zilijengwa. Lakini kupanda miti mirefu kukata ngazi kulikuwa kazi ya hatari na ya malipo madogo, na wengi hawakuitaka. Wakubwa wa serikali na machifu walitumiwa kuwasukuma wanaume kazini kwa nguvu.

Mambo yalikwenda tofauti kwake kwenye kisiwa cha Lewis, huko Scotland. Alikinunua mwaka 1918, akitaka kujenga viwanda vya samaki. Askari waliorudi kutoka vita vikuu walitaka mashamba waliyoahidiwa. Alipokataa kugawa ardhi, waliingia wakaikalia, na serikali haikuweza kuwapuuza. Mwaka 1923, akiwa ameshindwa, Lever alitoa ardhi hiyo kwa wakaaji. Parokia ya Stornoway ilikubali, na hadi leo ardhi yake inaongozwa na kamati inayochaguliwa na wakaaji wenyewe. Bwana alikuwa yuleyule, lakini Lewis watu walikuwa na sauti mbele ya sheria, na Basoko hawakuwa nayo.

Lever alifariki tarehe 7 Mei 1925 huko London, wiki chache baada ya kurudi kutoka Congo. Mwaka 1931, Wapende wa Kwilu, karibu na mashamba mengine ya kampuni hiyo, waliasi, na wengi waliuawa. Kampuni ya Lever iliingia ndani ya Unilever, ambayo iliuza mashamba ya Congo mwaka 2009. Mwaka 2018, jamii kadhaa, zikiwemo za upande wa Lokutu, zilipeleka Ujerumani malalamiko juu ya ardhi iliyochukuliwa wakati wa ukoloni.

Leo sheria imefungua mlango mwingine. Kodi ya misitu ya 2002 na amri ya 2014 zinaruhusu jamii kuomba msitu wa kimila, hadi hektari 50.000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Hati inatolewa na gavana wa jimbo. Jamii inapaswa kuchora ramani, kupatana na majirani juu ya mipaka, na kuchagua kamati ya uongozi. Jimboni Tshopo, misitu ya namna hiyo imekwisha kupatikana, kama vile katika Bafwasende. Mwaka 1911, ramani ya Elisabetha ilichorwa Ulaya. Ramani za sasa zinaanzia kijijini, na ni kwa wakaaji kuangalia kwamba hakuna anayezichora bila wao.