Jon Postel, mwenye kuandika daftari ya mashini zote

Kila siku mu Goma, Bukavu ao Bunia, mtu anatuma picha ao barua toka ku simu kuenda ku ordinateri, na inafunguka. Moja inatumia Windows, ingine Linux, simu yenyewe Android. Hakuna anayeshangaa. Zamani ilikuwa ya kushangaza, na kati ya wale walioitengeneza kuna jina moja lenye wengi hawajasikia: Jonathan Postel.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 kule Altadena, mu jimbo la California, Marekani. Alisoma ku universite ya UCLA, mu mji wa Los Angeles, na pale ndipo kazi ilimukuta. Mwaka wa 1969 serikali ya Marekani ilikuwa inalipia mtandao mupya, ARPANET, na ku mwisho wa mwaka ule nafasi ine zilikuwa zimeunganishwa: UCLA, Stanford, Santa Barbara na Utah.

Shida ilionekana mara moja. Mashini zile ine hazikuwa ndugu. Ya Santa Barbara ilikuwa IBM, ya Utah PDP-10, na hata zile mbili za kampuni moja, ya UCLA na ya Stanford, hazikufanana. Kila moja ilikuwa na namna yake ya kuhesabu na programu yake ya kuiongoza. Chukua herufi A kubwa: mashini nyingi ziliiandika kwa namba 65, lakini IBM iliiandika 193. Ukituma barua vile ilivyo, mwenzako anapokea takataka.

Dawa yake mtu wa hapa kwetu ataielewa haraka. Mushi, Munande na Mulega wakikutana sokoni, hakuna anayelazimishwa kujifunza luga ya mwenzake. Wote wanaingia mu Kiswahili, biashara inaendelea. Mashini nazo zilipewa luga ya katikati. Mwenye kutuma anageuza fishie yake kuiingiza mu luga ile, mwenye kupokea anaitoa na kuiweka mu luga ya kwake. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo, FTP, iliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT mu 1971. Postel ndiye aliyeisafisha na kuipanga upya mu 1980, kisha mu 1985 pamoja na Joyce Reynolds, na kanuni ile ya 1985 ingali inatumika. Inatofautisha maandishi na vitu vingine: maandishi yanageuzwa, lakini picha inapita vile iko, bila kuguswa. Wale waliotuma picha kwa njia ya maandishi wanajua vile inafika imeharibika.

Postel alikuwa na ndevu ndefu na kandambili, na hakupenda kelele. Alishikilia wazo moja: ukituma, fuata sheria kabisa, ukipokea, vumilia makosa ya mwenzako. Karibu miaka 30 alisahihisha na kupanga karatasi za kanuni zote za mtandao, zenye zinaitwa RFC. Tena alishika daftari ya namba na majina: nani anapewa namba gani, inchi gani inapewa herufi gani.

Hapo Congo inaingia. Mu 1994 aliandika kwamba ofisi yake haitakata shauri kama mahali fulani ni inchi ao hapana. Itafuata tu orodha ya kimataifa ya ISO. Ilikuwa akili kubwa, juu mtu mmoja mu California angeweza kujikuta anahukumu mipaka ya dunia. Mu Mei 1997 Zaïre ikageuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, orodha ikabadilika, na mwaka uleule .cd ikaingia kuchukua nafasi ya .zr.

Lakini daftari yenye thamani inaleta ugomvi. Serikali ya Marekani, kampuni na wataalamu walianza kuvutana juu ya nani ataishika. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliomba wasimamizi wa mashini kubwa za majina wafuate mashini yake, na nane wakakubali. Serikali ikakasirika. Yeye akasema ni jaribio tu, akarudisha kila kitu. Jaribio ao hapana, kila mtu aliona wazi kwamba nguvu ile ilikuwa mu mikono ya mtu mmoja.

Ku mwisho wa Septemba 1998 shirika la ICANN liliundwa ili lichukue kazi ile. Postel hakufika mbali nalo. Moyo wake ulikuwa mugonjwa, akapasuliwa, na tarehe 16 Oktoba 1998 akakufa kule Los Angeles, akiwa na miaka 55. Vint Cerf, rafiki yake toka UCLA, aliandika maneno ya kumuaga, na yakawekwa palepale mu karatasi zenye Postel alikuwa anapanga, namba 2468.