Paul Strand: Aliyejifunza kuona kwa mabakuli ya jikoni

Wapo watu, tena wengi, wanaoamini kuwa picha nzuri haiwezi kupatikana pasipo kitu kizuri cha kupigwa. Ndiyo maana kamera hutolewa kabatini siku ya arusi, siku ya mtoto kufuzu chuoni, au mgeni wa heshima anapofika, na hakuna anayefikiria kuielekeza kwenye sufuria. Mmarekani Paul Strand, aliyefariki mwaka wa 1976, aliipinga imani hiyo kwa vitendo. Baadhi ya picha zilizomweka katika historia ya sanaa alizipiga kiangazi cha mwaka wa 1916, na alichokipiga kilikuwa mabakuli manne ya jikoni, meza ya duara, na vivuli vya ukingo wa baraza.

Hudaiwa mara nyingi kuwa kazi ya namna hiyo ni mchezo wa walioshiba. Mwenye kulala njaa, yasemwa, huliangalia bakuli ili ajue kama lina kitu ndani, wala si kutazama mviringo wake. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini kabla ya kuikubali, yafaa tuyafuate maisha ya mtu huyu, kwa maana mabakuli yale hayakuwa mwisho wa safari yake.

Strand alizaliwa mjini New York tarehe 16 Oktoba 1890. Kamera yake ya kwanza alipewa na baba yake akiwa na umri wa miaka 12. Katika shule ya Ethical Culture alifundishwa na Lewis Hine, yule yule ambaye picha zake za watoto walioajiriwa viwandani na migodini ziliwafumbua macho Wamarekani wasiotaka kuona. Mwaka wa 1907 mwalimu huyo aliwachukua wanafunzi wake hadi kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho wa Alfred Stieglitz katika barabara ya Fifth Avenue, ukumbi uliojulikana kwa nambari yake ya mlangoni tu: 291. Kijana Strand alitoka humo akiwa ameamua kuwa mpiga picha. Alipomaliza shule mwaka wa 1909 aliingia kwa muda katika biashara ya baba yake, iliyokuwa ya kuagiza vyombo vya enameli kutoka ng'ambo. Msomaji ana ruhusa ya kutabasamu hapo.

Ukumbi wa 291 unastahili maneno zaidi. Humo ndimo Wamarekani walimoonyeshwa kazi za Picasso mwaka wa 1911, na humo ndimo, mwezi wa Novemba 1914, michongo ya mbao kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati ilimotundikwa na kusimamishwa kama sanaa, badala ya kurundikwa katika makumbusho kama ushahidi wa ushenzi. Jina la maonyesho hayo halikuepuka matusi ya wakati ule dhidi ya Waafrika, lakini lilikiri wazi kuwa chimbuko la sanaa mpya ya Ulaya ni sisi. Picasso mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya barakoa za Kiafrika mjini Paris mwaka wa 1907 na hakuchora tena kama awali. Mchongaji wa Kiafrika alikuwa amejua kwa karne nyingi kwamba uso unaweza kupunguzwa ukabaki miinuko na mikato michache, na bado ukawa na nguvu kushinda uso wa kawaida. Basi mtu akituambia leo kuwa sanaa dhahania ni kitu cha kigeni kisichotuhusu, tumkumbushe kwamba mkopo ulitoka huku.

Kwa mpiga picha, hata hivyo, palikuwa na tatizo. Mchoraji anaweza kuuvunjavunja mtungi juu ya turubai na kuujenga upya apendavyo. Kamera haina uhuru huo. Hunasa kilichopo mbele yake. Wapiga picha wa enzi hiyo waliotaka kuitwa wasanii walijaribu kulikwepa tatizo kwa kuifanya picha ifanane na mchoro: waliilainisha lenzi, wakaipaka karatasi rangi kwa brashi, wakaleta ukungu pasipo na ukungu. Strand mwenyewe alikuwa amepitia njia hiyo. Stieglitz alimwonya kuwa lenzi ya kulainisha huvifanya vitu vyote vifanane, nyasi na maji na gome la mti.

Kiangazi cha 1916 familia yake ilikuwa Twin Lakes, katika jimbo la Connecticut. Strand alichukua mabakuli ya jikoni, akayapanga nje juani, akasogea karibu mno. Hapo ndipo penye siri. Ukimpiga mtu picha ya bakuli juu ya meza, jicho lake husema bakuli, kisha huenda zake. Strand aliondoa kila kitu ambacho kingelisaidia jicho kutoroka. Aliiondoa meza, akaziondoa kingo za chumba, akaiinamisha kamera hata juu na chini vikapoteza maana. Kilichobaki ni mviringo ndani ya mviringo, mdomo wa chombo kimoja ukikata tumbo la kingine, na kivuli kikali chenye uzito sawa na chombo chenyewe. Mtazamaji husafiri katika picha kwa muda kabla hajatambua kuwa yuko jikoni. Barazani alifanya vivyo hivyo: aliinamisha meza ya duara, akauacha ukingo wa baraza uangushe vivuli vyake vya milia juu yake, kisha akaigeuza picha yenyewe upande. Hakukwaruza filamu wala hakuongeza rangi. Jua, mahali pa kusimama na mpaka wa fremu ndivyo vilivyokuwa zana zake zote.

Baadaye alieleza kuwa alifanya hivyo ili ajifunze jinsi picha inavyojengwa, yaani namna kila sehemu inavyoshikilia nyingine isianguke. Alipokwisha kujifunza, hakuendelea kukaa katika mabakuli. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona alikuwa kama mwanafunzi aliyejua siku ya kuondoka darasani.

Mwezi wa Juni 1917 Stieglitz alitoa toleo la mwisho la jarida lake, Camera Work, akalijaza picha 11 za Strand. Mabakuli yamo. Vivuli vya baraza vimo. Na imo pia picha ya mwanamke kipofu wa mitaani, iliyopigwa New York mwaka huo huo wa 1916, naye amening'iniza kifuani kibao kinachotangaza upofu wake, na juu yake beji ya leseni ya uchuuzi nambari 2622.

Picha hiyo imesifiwa mno, na sifa zinaistahili. Lakini kuna jambo juu yake ambalo wasifiaji hulipita haraka. Strand alikuwa ameitia kamera yake lenzi ya bandia ubavuni, ili watu wadhani anapiga kwingine. Alitaka nyuso zisizojipamba, na akazipata kwa hila. Kwa mwanamke asiyeona hila hiyo ilikuwa nzito maradufu. Bakuli halina heshima ya kuvunjiwa, mtu anayo. Jina la mwanamke huyo halipo popote katika picha. Iliyopo ni nambari.

Kwa hiyo mwaka wa 1916 ulimwachia Strand mambo mawili: jicho lililofunzwa, na deni. Sidhani kama aliwahi kuliita deni, ila mwenendo wa kazi zake ndio unaonisukuma kusema hivyo. Hakulilipa upesi. Huko Meksiko, alikokwenda mwaka wa 1932, bado alitumia kioo cha kupindisha mwanga ili wanakijiji wasijue kuwa wao ndio wanaopigwa. Huko huko alitengeneza filamu juu ya wavuvi maskini na wanaowanyonya. Aliporudi kwao aliungana na watengenezaji filamu wa mrengo wa kushoto, na mwaka wa 1942 ikatoka Native Land, filamu inayohusu haki za wafanyakazi, ambayo msimulizi wake ni Paul Robeson. Mwezi wa Desemba 1947 serikali ya Marekani ikaitia Photo League, chama cha wapiga picha alichokuwa mmoja wa nguzo zake, katika orodha ya vyama vya kutiliwa shaka. Mwaka wa 1950 akahamia Ufaransa, na makao yake yakawa huko hadi kifo.

Uhamishoni ndiko hila ilikokoma. Katika kijiji cha Luzzara, Italia, na katika visiwa vya Scotland, aliisimamisha kamera yake kubwa juu ya stendi ya miguu mitatu, hadharani, akangoja. Katika picha moja ya Luzzara ya mwaka wa 1953, mama amesimama mlangoni, wanawe wamekaa na kusimama kumzunguka, baiskeli iko kando. Itazame sana utaona mabakuli: duara la gurudumu, mstatili wa mlango, miguu mitupu, mikono, kila kimoja kikishikilia kingine. Lakini safari hii kila mtu anajua anatazamwa, na wengine wanatutazama sisi.

Mwaka wa 1963 Kwame Nkrumah alimwalika Ghana, taifa lililokuwa huru kwa miaka sita tu. Strand, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliizunguka nchi hiyo hadi mwaka wa 1964, akipiga masoko, mitambo, majani ya porini, wazee wa vijiji na wanafunzi. Mjini Accra alimpiga msichana aliyejitwika vitabu vitatu kichwani. Mistari ya vitabu iko juu ya mviringo wa uso kwa utulivu ule ule wa vyombo vya Twin Lakes, lakini jina kamili la msichana ndilo lililofanywa kuwa jina la picha. Kati ya nambari 2622 na jina hilo imepita miaka 48.

Kitabu cha Ghana kilichelewa. Nkrumah alipinduliwa Februari 1966 akafia uhamishoni mwaka wa 1972. Kazi hiyo ilitoka hatimaye mwaka wa 1976, ikiwa na maelezo ya Basil Davidson, mwanahistoria ambaye wasomaji wetu wengi wanamjua kwa vitabu vyake juu ya Afrika.

Katika miaka ya mwisho Strand alipiga zaidi bustani ya nyumba yake katika kijiji cha Orgeval, karibu na Paris: matawi, mizabibu, vichaka, hatua chache kutoka mlangoni. Alifia humo tarehe 31 Machi 1976.