Paul Ehrlich: Aliyempandisha Simbilisi Kwenye Mizani

Nikisikia watu mashuhuri najua mnasubiri wanasiasa. Lakini mimi nasoma famasia bwana, kwa hiyo safari hii namleta mtu wa maabara: Paul Ehrlich, yule mzee mwenye ndevu na miwani aliyekuwa kwenye noti ya marki 200 ya Ujerumani kabla ya yuro.

Alizaliwa Machi 14, 1854, katika familia ya Kiyahudi huko Strehlen, mji ambao siku hizi uko Poland. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alipenda mambo ya rangi tu, yaani kutia rangi chembe za mwili aone ipi inashika wapi. Baadaye akaugua kifua kikuu, akaenda kukaa Misri apate jua, akarudi Berlin 1889, na baadaye akaingia kazini kwa Robert Koch.

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Wakati ule dondakoo lilikuwa linafagia watoto wa Ulaya. Mwaka 1890 Emil Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama akizoeshwa sumu ya vijidudu kidogo kidogo, damu yake hupata kinga, na kinga hiyo inaweza kuhamishiwa kwa mwingine. Wakaja kutumia farasi, na kufikia 1894 seramu ilikuwa madukani. Sasa, kila farasi na damu yake! Chupa hii kali, ile karibu na maji matupu, na daktari hana namna ya kujua mpaka mtoto apone au afe.

Ehrlich ndiye aliyeleta mizani. Aliona kwamba sumu yenyewe hubadilika ikikaa, haifai kuwa rula. Akachukua seramu moja, akaikausha, akaihifadhi gizani bila hewa, na nyingine zote zikawa zinalinganishwa na hiyo. Namna ya kupima ilikuwa hivi: changanya seramu na sumu, mchome simbilisi wa gramu 250, kisha hesabu siku. Akifa kufikia siku ya nne, sumu imeshinda. (Simbilisi ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, watu wa Iringa na Njombe wanawafuga na kuwala, msinune.) Mwaka 1896 akapewa taasisi ya kupima seramu Steglitz, ikahamia Frankfurt 1899. Kipimo chake ndicho kilichofanywa cha kimataifa mwaka 1922, na herufi IU mnazoziona kwenye maelezo ya chanjo ya dondakoo zinatoka huko.

Simbilisi wengi mno walikufa kwa kazi hiyo, na siwezi kusema ilikuwa bure. Mwaka 1901 huko St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa kwa seramu iliyotoka kwa farasi mwenye pepopunda, kwa sababu ilitolewa bila kupimwa usalama wake. Na kwetu je? Mwaka 1906 Koch alikuja Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, akaweka kambi visiwa vya Ssese, Uganda. Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Ndiyo maana mtu akiniambia tu kwamba tuwaache wanyama, namuuliza kwanza: halafu atapimiwa nani?

Ehrlich naye alikuwa anahangaika na atoksili hiyohiyo, akitafuta ndugu yake asiye na madhara makubwa. Akapata Nobel 1908 pamoja na Metchnikoff, na 1910 ikatoka Salvarsan, dawa ya kaswende. Alifariki Agosti 20, 1915. Wanazi walifuta jina lake barabarani Frankfurt, na mjane wake Hedwig ikambidi akimbie nchi.

Taasisi yake ipo mpaka leo, Langen karibu na Frankfurt, ina jina lake, na sehemu ya kazi yake ni kutafuta vipimo visivyohitaji wanyama. Swali langu lina jibu, basi. Sumu ya dondakoo huua pia chembe zinazooteshwa kwenye vyombo vya maabara, zinazoitwa Vero, zilizoanzishwa Japani 1962 kutoka figo la tumbili wa Afrika. Unaangalia chembe zimekufa au zinaishi, simbilisi hahusiki. Kile kipimo cha jumla cha kumchoma simbilisi na panya dawa iliyokwisha tengenezwa ili kuona kama watadhurika kilifutwa kwenye famakopia ya Ulaya kuanzia 2019, baada ya kuonekana kwamba hakikuwa kinatueleza lolote la maana.

Kigumu ni kifaduro. Chanjo ya aina wanayochomwa watoto wetu nyumbani, yenye vijidudu vizima vilivyouawa, imepimwa tangu miaka ya 1940 kwa kuchoma panya vijidudu hai ndani ya ubongo, na majibu yake yanayumba sana. Mbadala umetafutwa miaka mingi. Kama kuna mwenzetu wa baiolojia hajapata mada ya tasnifu, anitafute.